FUNDISHO KWA WENYE NYUMBA: AKIBA YA MUME NA MKE, NA DENI LA MMOJA WAO

Mwezi huu twataka kulitazama jambo liletalo hofu katika nyumba nyingi. Mume na mke wameweka akiba benki kwa majina yao mawili. Kisha mmoja wao akopa, ashindwa kulipa, naye mdai ashinda mahakamani. Je, mdai aweza kuichukua akiba yote, hata sehemu ya yule asiyekopa?

Kwanza tufahamu njia yenyewe. Mdai hawezi kwenda benki na hukumu mkononi akachukua fedha. Hana budi kuiomba mahakama amri ya kukamata fedha za mdaiwa zilizo mikononi mwa benki. Benki ikiisha kuipokea amri hiyo, huzizuia fedha. Na wenyewe wakienda kutoa ada ya mtoto, hurudi mikono mitupu. Basi yafaa kujiweka tayari mapema.

Katika Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 58, yaeleza ya kuwa ndoa peke yake haibadili umiliki wa mali, isipokuwa wenyewe wamepatana vingine. Kifungu cha 60 chasema ya kuwa mali iliyopatikana katika ndoa kwa jina la mmoja hudhaniwa kuwa yake peke yake. Nayo iliyopatikana kwa majina ya wote wawili, hudhaniwa kuwa sehemu zao ni sawasawa. Lakini dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi. Huko Uingereza, mwaka 1938, Mahakama ya Rufani iliamua ya kuwa akaunti ya pamoja ya mume na mke haikuweza kukamatwa kwa deni la mume peke yake. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, ila waonyesha ya kuwa neno la asiyekopa lastahili kusikilizwa.

Kwa hiyo twashauri mambo manne.

1. Mmoja akifanya biashara ya kukopa, fedha za biashara ziwe na akaunti yake, na mapato ya mwenziwe yawe na akaunti nyingine.

2. Tunzeni karatasi. Hati ya mshahara na stakabadhi ya kahawa iliyouzwa ndizo zitakazoonyesha fedha zilitoka kwa nani.

3. Angalieni sahihi. Mke atiaye sahihi kuwa mdhamini wa mumewe, au mume wa mkewe, amejitwika deni lile. Na ikiwa benki iwekayo akiba ndiyo iliyokopesha, yasomeni masharti yake, kwa kuwa mengine huiruhusu kukata deni katika akiba.

4. Fedha zikiisha kuzuiwa, asiyekopa asikae kimya. Na aende upesi katika mahakama iliyotoa amri, apeleke pingamizi pamoja na karatasi zake. Kuikasirikia benki hakufai kitu, maana benki yatii amri tu.

Wala mtu asidhani ya kuwa twamfundisha hila. Kuzihamisha fedha kwa jina la mwenzi baada ya kushtakiwa, ili mdai akose haki yake, si kinga. Mahakama yaweza kuutangua uhamisho huo. Mdai naye ana watoto wa kulisha. Deni la haki hulipwa. Tena aliyeelemewa na aende kwa mdai kabla ya hukumu, apatane naye kulipa kidogo kidogo.

Lakini kinga iliyo kubwa ni mume na mke kuambiana. Deni lililofichwa hujulikana siku amri ifikapo benki, na siku hiyo akiba si kitu pekee kipoteacho.

Maswali ya kuzungumza pamoja:
1. Ni nani ajuaye madeni yote ya nyumba yenu?
2. Kuna tofauti gani kati ya kuilinda haki ya mwenzi na kumdhulumu mdai?
3. Kabla ya kutia sahihi ya udhamini, yatupasa kuuliza nini?