Jinsi Muziki Umtulizavyo Mgonjwa wa Akili

Wasomaji wengi wamepata kuliona jambo hili, kijijini au mjini. Mtu aliyekuwa mtulivu anaanza kupiga kelele usiku, anatembea huku na huku, hakubali kuketi wala kula. Jamaa zake wanashikwa na hofu, na mwisho wanamfunga kamba. Hawafanyi hivyo kwa kumchukia, bali hawajui la kufanya. Lakini kamba haimtulizi mtu. Huizuia mikono yake tu, na ile hofu iliyo ndani yake huzidi.

Leo twataka kueleza njia moja ambayo hospitali za wagonjwa wa akili zimeitumia tangu zamani ili kumtuliza mtu wa namna hiyo, nayo ni muziki. Tutaeleza pia mpaka wake, kwa maana kila tiba ina mpaka.

JAMBO HILI SI GENI

Wasomao Biblia wakumbuka habari za Mfalme Sauli, ambaye alipofadhaika rohoni Daudi aliitwa ampigie kinubi, naye akaburudika. Katika nchi ya Uturuki, mjini Edirne, Sultani Bayezid wa Pili alijenga hospitali kando ya mto Tunca. Kazi ilianza mwaka 1484 ikamalizika mwaka 1488. Ukumbi wake una kuba kubwa, na katikati yake ni chemchemi, ili sauti ya maji isikike vyumbani. Msafiri Evliya Çelebi, aliyeiona hospitali hiyo katika karne ya 17, aliandika kwamba ilikuwa na wanamuziki kumi, waimbaji watatu na wapigaji saba, waliowapigia wagonjwa mara tatu kila wiki. Miongoni mwa vyombo vyao vilikuwamo nai, fidla na udi, ambavyo watu wa pwani yetu wavijua sana katika taarabu. Siku hizi jengo hilo ni nyumba ya makumbusho.

Huko Uingereza nako, mwaka 1879, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Powick, karibu na mji wa Worcester, ilimwajiri kijana wa miaka 21 awe kiongozi wa bendi ya watumishi wake. Jina lake Edward Elgar, naye baadaye alikuwa mtungaji mashuhuri wa muziki. Aliifanya kazi hiyo hata mwaka 1884, akitunga nyimbo za kuchezwa katika dansi za wagonjwa.

KWANZA MFUATE, KISHA MWONGOZE

Mtu aweza kudhani kwamba mgonjwa mwenye fujo akipigiwa wimbo laini na wa polepole atatulia mara moja. Sivyo. Mara nyingi wimbo huo humwudhi, kama vile mtu mwenye hasira audhikavyo aambiwapo, "Nyamaza!"

Katika miaka ya 1940 daktari mmoja wa Marekani, Ira Altshuler, aliyewatibu wagonjwa wa akili katika hospitali ya Eloise karibu na Detroit, alieleza kanuni ambayo hata leo hufundishwa. Alisema kwamba muziki uanze kwa kufanana na hali ya mgonjwa kama ilivyo saa ile, kisha ubadilishwe kidogo kidogo hata ufike katika hali itakiwayo. Mgonjwa mwenye haraka aanze na mdundo wa haraka. Mwenye huzuni aanze na wimbo wa huzuni.

Akina mama walikwisha kuijua kanuni hiyo. Mtoto aliapo kwa nguvu, mama hamwimbii kwa kunong'ona. Humbeba, hutembea upesi, humpigapiga mgongoni, na kuimba kwa sauti. Mtoto apunguzapo kilio, mama naye hupunguza mwendo na sauti, hata mwisho aketi kimya na mtoto amelala. Hakumwamuru mtoto. Alimfuata kwanza, kisha akamwongoza.

Mwili wetu nao husaidia. Pumzi na mapigo ya moyo huelekea kuufuata mdundo tusikiao. Kwa hiyo muziki wa kutuliza kwa kawaida huwa na mapigo 60 hadi 80 kwa dakika, yaani karibu na moyo wa mtu aliyepumzika. Lakini hapo ndipo mahali pa kufikia, si pa kuanzia.

KAZI YA MWUGUZI

Tuseme kijana ameletwa hospitalini usiku. Anazunguka chumba akipiga ukuta kwa viganja. Mwuguzi mwenye ujuzi hasimami mlangoni kuziba njia, wala hamkaribii mno. Huketi upande ambapo kijana amwona, akapiga meza kwa vidole, akiufuata mdundo ule ule wa viganja vya kijana. Huenda kijana akamtazama. Sasa kuna jambo moja wanalofanya pamoja, wala hapana neno lililosemwa. Baada ya dakika kadhaa mwuguzi hupunguza mwendo kidogo. Kijana asipomfuata, mwuguzi hurudi nyuma akamngoja. Akimfuata, hupunguza tena. Kisha humwuliza, "Wewe wapenda wimbo gani?" Swali hilo ni kubwa, kwa sababu mtu ambaye siku nzima ameshikwa na kuamriwa sasa anapewa nafasi ya kuchagua.

Mgonjwa akisema, "Basi, sitaki," muziki hukoma pale pale. Muziki wa kulazimishwa ni kamba nyingine.

MPAKA WAKE

Muziki haushiki mahali pa dawa. Dawa iitwayo klopromazini ilipoanza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili huko Paris mwaka 1952, ilileta mabadiliko makubwa, na dawa nyingine zimefuata. Mwaka 2017 wataalamu walitoa taarifa iliyokusanya majaribio 18 yenye watu 1,215 wenye skizofrenia na maradhi yafananayo nayo. Waliona kwamba muziki ukiongezwa juu ya matibabu ya kawaida huweza kumsaidia mgonjwa, lakini faida yategemea idadi ya vipindi na ujuzi wa mwongozaji.

Tena, fujo si dalili ya maradhi ya akili peke yake. Malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, au kuacha pombe ghafula baada ya kuinywa kwa miaka, vyaweza kumfanya mtu apige kelele na kutotambua jamaa zake. Mtu huyo asiimbiwe nyumbani. Apelekwe hospitali mara moja, kwa maana kuchelewa kwaweza kumwua.

NYUMBANI KWENU

Jamaa wanaomtunza mgonjwa nyumbani huku akiendelea kutumia dawa za daktari waweza kuyafuata mambo haya:

1. Zimeni kwanza kelele zote. Redio na watu kumi wasemao pamoja humwongezea fadhaa.

2. Mtu mmoja ampendaye aketi naye. Wengine wakae mbali, na vitu vya kuumiza viondolewe.

3. Chagueni wimbo aupendao yeye, si muupendao ninyi. Epukeni wimbo wa kumkumbusha msiba.

4. Sauti ya mtu au ngoma ndogo ni bora kuliko redio yenye maneno mengi. Wagonjwa wengine hudhani kwamba msemaji wa redio anawasema wao.

5. Anzeni kwa mwendo wake, mpunguze polepole. Akikataa, acheni.

6. Akiwa na silaha, au akitaka kujidhuru, msijaribu muziki. Iteni msaada.

Hapa Kenya hospitali ya Mathari mjini Nairobi imewapokea wagonjwa wa akili tangu mwaka 1910, na hospitali nyingine pia zina watumishi waliofundishwa kazi hiyo. Si aibu kumpeleka ndugu yako huko, kama vile si aibu kumpeleka mtu aliyevunjika mguu.

Mtu mwenye fujo hajaacha kuwa mtu. Bado ana wimbo aliofundishwa na mama yake, na yamkini aukumbuka hata siku ambayo hakumbuki jina lako. Basi kabla ya kuitafuta kamba, ndugu msomaji, jaribu kuukumbuka wimbo huo.