SOMO LA AFYA: Chanjo ya Homa ya Bonde la Ufa Yapasa Kutangulia Mvua

Mtu atokaye katikati ya Nairobi akashika njia ya magharibi, hupita Westlands na Kangemi, kisha hufika Kabete. Hapo zipo maabara za mifugo za tangu zamani. Watu wengi hupita karibu nazo kila siku wasijue kwamba wataalamu wa hapo ndio walioutambulisha ulimwengu ugonjwa uitwao Homa ya Bonde la Ufa. Katika somo hili tutaeleza jinsi chanjo ya homa hiyo ilivyopatikana, jinsi inavyojaribiwa, na kwa nini chanjo iliyo njema haifai kitu ikichelewa.

Ugonjwa Ulivyotambuliwa

Mwaka 1930, katika shamba moja kando ya Ziwa Naivasha, wana-kondoo walianza kufa ghafula, na kondoo wenye mimba wakazitupa. Kwa muda wa majuma manne walikufa kondoo, wakubwa kwa wadogo, wapatao 4,700. Bwana Daubney, Bwana Hudson na Daktari Garnham walichunguza jambo hilo, wakatangaza habari zake mwaka 1931. Waliona kwamba damu ya mnyama mgonjwa, hata ikipitishwa katika chujio lizuialo vijidudu vya kawaida, bado huleta ugonjwa. Basi wakajua kwamba chanzo chake ni kirusi, kilicho kidogo kuliko vijidudu hivyo. Tena wachungaji walikuwa wameshikwa na homa, na wachunguzi wenyewe hawakusalimika.

Kirusi hiki huchukuliwa na mbu. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai katika udongo wa mabonde, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miaka mingi. Mvua kubwa ikifurika, huanguliwa, na baadhi ya mbu huzaliwa wakiwa na kirusi tayari. Mbu huuma mifugo. Kisha mtu huambukizwa kwa kuumwa na mbu, au kwa kugusa damu na nyama ya mnyama mgonjwa wakati wa kuchinja na kuzalisha. Wengi hupona, bali wachache hutokwa damu, au huharibika macho au ubongo, na wengine hufa.

Chanjo ya Kwanza na Kasoro Yake

Mwaka 1944 kirusi hiki kilipatikana katika mbu walionaswa msitu wa Semliki, magharibi ya Uganda. Daktari Smithburn, wa taasisi ya uchunguzi wa homa ya manjano iliyokuwa Entebbe, alikipitisha mara nyingi katika ubongo wa panya mpaka nguvu zake zikafifia. Mwaka 1949 alieleza jinsi kirusi hicho kilichodhoofishwa kiwezavyo kuwa chanjo. Chanjo ya asili hiyo imetengenezwa Kenya kwa ajili ya mifugo.

Faida yake ni kubwa: sindano moja hukinga kwa muda mrefu, na bei yake si ghali. Lakini kwa kuwa kirusi chake ki hai, kondoo mwenye mimba akichanjwa aweza kuitupa, au kuzaa mtoto mwenye kilema. Wataalamu walitengeneza nyingine ya kirusi kilichouawa. Hiyo haidhuru mimba, bali hutaka sindano za kurudia, jambo lililo zito kwa mfugaji ahamaye na wanyama wake.

Namna ya Kujaribu Chanjo

Chanjo mpya hujaribiwa kwanza katika maabara, kisha kwa wanyama, wakiwamo wenye mimba. Ikionekana salama, hupewa watu wachache wazima wenye afya waliokubali kwa hiari yao baada ya kuelezwa. Ndipo idadi huongezwa.

Chanjo moja ya namna mpya imeshughulikiwa na Daktari George Warimwe, Mkenya, pamoja na wenzake wa Kilifi na Oxford. Wametwaa kirusi cha mafua cha sokwe, wakakiondolea uwezo wa kuongezeka, kisha wakakitia sehemu ya kirusi cha Bonde la Ufa ili mwili uijue. Ilikinga kondoo, mbuzi na ng'ombe katika majaribio. Kuanzia mwaka 2021 watu 15 walichanjwa huko Uingereza. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba haikuwadhuru, na miili yao ilijitengenezea kinga. Jaribio jingine likaanzishwa Uganda.

Hata hivyo, kuonekana kwa kinga katika damu si sawa na kuthibitisha kwamba mtu hataugua. Ili kuthibitisha hayo, lazima ugonjwa uwepo; nao hulala miaka mingi, kisha huzuka na kupita upesi. Kwa sababu hiyo kazi huenda polepole, na mpaka sasa hakuna chanjo ya homa hii iliyoidhinishwa kwa watu wote.

Funzo la Mwaka 2006

Kwa hiyo kuwachanja mifugo ndiyo ngao ya watu pia. Kabla ya mvua za mwisho wa mwaka 2006, wataalamu waangaliao hali ya hewa kwa setilaiti walitoa onyo. Mwezi wa Novemba watu walianza kuugua Garissa. Kuchanja mifugo kulianza Januari 2007, mbu wakiwa wamekwisha kuenea. Kufikia Machi, Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684, na zaidi ya 150 kati yao walikufa. Hasara ya uchumi wa Kenya ilizidi shilingi bilioni 2.1, na iliwafikia wafugaji, wafanya biashara na wachinjaji pamoja.

Mambo ya Kushika

1. Wachanje mifugo wakati wa kiangazi, kabla ya mvua kubwa. Mwulize bwana mifugo kuhusu walio na mimba.

2. Ugonjwa ukiwa umekwisha kuingia, usichanje bila amri yake. Sindano moja ikitumiwa kwa wanyama wengi huweza kuupeleka ugonjwa kutoka kwa mmoja hadi kwa wote.

3. Usichinje mnyama mgonjwa, wala usiguse mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu. Nyama iliyokaguliwa iive sawasawa, na maziwa yachemshwe.

Miaka ipitayo bila ugonjwa hutusahaulisha, na mfugaji huona kwamba sindano ni gharama ya bure. Lakini mayai ya mbu yangali katika udongo yakingoja maji. Mwenye hekima huchanja wakati anga ni jeupe.