KALAMU YA RISASI ISIYO NA RISASI

Mdharau mwiba mguu huota tende. Tulipochagua masomo mwisho wa Kidato cha Pili, nusura niache Fizikia. Kilichonirudisha ni kipande cha kalamu ya risasi.

Kwanza, jina lenyewe latudanganya. Ndani ya kalamu hamna risasi hata chembe. Mna grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Grafiti ni kaboni, na jirani zetu Watanzania wanayo ardhini kule Mahenge na Mirerani. Nilichonga kipande kifupi pande zote mbili, nikakiunga na betri mbili za tochi, nyaya na balbu ndogo. Balbu ikawaka! Hafifu, lakini iliwaka. (Tumia betri tu, usiguse umeme wa ukutani.)

Grafiti ni kama daftari, tabaka juu ya tabaka. Mwaka 2004, huko Manchester, Uingereza, Andre Geim na Konstantin Novoselov waliibandua kwa selotepu, tena na tena, hadi wakapata ukurasa mmoja tu wenye unene wa atomi moja. Huo ndio grafini. Mwaka 2010 walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Sasa tulete sumaku. Wafikirie wakimbiaji wetu wa hapa Ainabkoi alfajiri. Upepo ukiwavumia kutoka kando, watasukumwa kwenye ukingo mmoja wa barabara. Elektroni nazo ni vivyo hivyo. Umeme ukipita kwenye bamba lililo juu ya ncha ya sumaku, elektroni husukumwa upande mmoja, na volteji hutokea kati ya kingo mbili. Edwin Hall, Mmarekani, aligundua jambo hili mwaka 1879. Gawanya volteji hiyo kwa mkondo wa umeme, upate ukinzani wa Hall.

Katika bamba la kawaida la metali, ukiongeza nguvu ya sumaku, ukinzani huo hupanda taratibu kama mteremko. Katika grafini hupanda kama ngazi: unatulia, unaruka, unatulia tena. Hayo yalionekana mwaka 2005. Kwa nini? Sumaku kali huzizungusha elektroni, na haziruhusiwi kuwa na nishati yoyote tu, bali ya vidato maalum.

Vitu vingine huonyesha ngazi hiyo kwenye baridi kali mno. Lakini elektroni za grafini hukimbia kama km 1,000 kwa sekunde, utadhani hazina uzito. Kwa sababu hiyo vidato vyake vya mwanzo vimeachana sana, na joto la kawaida haliwezi kuzirusha kutoka kimoja hadi kingine. Mwaka 2007 ngazi ilionekana katika joto la chumbani, kwa sumaku za hadi tesla 45.

Wenzangu, sumaku kama hiyo hatuna. Lakini safari yote ilianza na grafiti na selotepu, na hivyo viko mikobani mwetu. Mimi Fizikia siachi ng'o! Wewe je?