Somo: Kubadili Kihisi cha Oksijeni kwa Soketi Yake

Mmiliki wa gari dogo aishiye Mbamba Bay, taa ya injini inapowaka, ana njia mbili: kupanda milima ya Umatengo hadi Mbinga kumtafuta fundi, au kuifanya kazi mwenyewe. Somo hili linamsaidia mlaji kuchagua bila kupoteza fedha wala kuumia.

Kazi ya kihisi
Kihisi cha oksijeni, ambacho mafundi hukiita "sensa", hufungwa kwenye bomba la ekzosi. Hupima oksijeni iliyobaki katika moshi na kuiarifu kompyuta ya gari, nayo hurekebisha mchanganyiko wa petroli na hewa. Kikiharibika, gari huweza kula mafuta zaidi na hatimaye kuharibu masega ya ekzosi.

Pima kabla ya kununua
Taa pekee si ushahidi kwamba kihisi kimekufa. Waya uliokatika au ekzosi iliyotoboka huweza kuiwasha pia. Gari lipimwe kwa kompyuta, na mlaji apewe namba ya hitilafu kwa maandishi.

Kwa nini soketi maalumu
Kihisi cha magari mengi hufunguliwa kwa soketi ya milimita 22. Soketi ya kawaida haifai kwa kuwa waya umetokea kichwani. Soketi maalumu ina mwanya ubavuni wa kupitishia waya. Hata hivyo, mwanya huo huipunguzia uimara. Soketi ya chuma hafifu hutanuka na kulainisha pembe za kihisi.

Hatua
1. Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono na uweke kabari. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee.
2. Subiri ekzosi ipoe hadi iwe vuguvugu. Ondoa waya hasi wa betri, kisha chomoa kiunganishi cha kihisi.
3. Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, subiri, kisha fungua taratibu.
4. Kikigoma, acha, umwite fundi. Meno ya bomba yakichunika, gharama huzidi ile uliyotaka kuiepuka.
5. Anza kufunga kipya kwa mkono. Grisi maalumu, ikiwa haikupakwa kiwandani, ipakwe kwenye meno tu, isiguse ncha. Kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari.

Haki yako
Linganisha namba ya kipuri kipya na ya kile cha zamani. Dai risiti ya EFD, nayo itaje kipuri ulichonunua. Ukiuziwa bidhaa bandia, toa taarifa Tume ya Ushindani (FCC). Kwa bidhaa isiyokidhi viwango, Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Tangazo la dukani lisemalo "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" lisikuzuie kulalamika.

Jipime
1. Ni ushahidi gani utauhitaji kabla ya kununua kihisi?
2. Ni wakati gani utaweka soketi chini?