Forester: Kila Kizazi na Ugonjwa Wake

Barua za mwezi huu zimejaa gari moja, Subaru Forester, kwa hiyo nimeziweka pamoja. Gari hili limepita vizazi sita: SF ya 1997, SG ya 2002, SH iliyotoka mwishoni mwa 2007, SJ ya mwishoni mwa 2012, SK ya 2018 na SL iliyoanza kuuzwa Japani 2025. Mnaoniandikia mnalizungumza kana kwamba ni gari lilelile. Mwenye SJ analala macho kwa hofu ya mkanda wa taimingi ambao gari lake halina. Mwenye SG hana habari kwamba mkanda anao. Kila kizazi kina ugonjwa wake, na wengi wenu mnaugua ugonjwa wa gari la jirani huku la kwenu likiharibika mkiangalia. Namna ya kupima upepo wa tairi sitaeleza. Muulizeni dereva yeyote wa matatu.

Fundi, shikamoo. Nataka Forester ya mkononi, lakini kila gereji naambiwa Subaru zote huunguza gasketi ya silinda hedi. Ni kweli? (Msomaji wa Eldoret. Barua kama hii zimetoka pia Machakos, Arusha na Jinja.)

Marahaba. Si kweli, na hapa nitachukua nafasi yangu, maana uvumi huu umewala watu pesa kuliko gasketi zenyewe.

Chanzo chake ni jambo la kweli. Injini ya EJ25, ile ya lita 2.5 iliyouzwa sana Marekani na Australia, ilisumbua kwa gasketi. Wahandisi waliichukua EJ20 ya lita 2.0, ambayo silinda zake zina kipenyo cha milimita 92, wakazitanua hadi 99.5 bila kuirefusha injini. Hizo milimita 7.5 zilikatwa kwenye chuma kilichokaa kati ya silinda na silinda, na gasketi ikabakiwa na ukingo mwembamba wa kukalia. Ongeza kwamba injini ya boksa hulala ubavu, kwa hiyo maji na oili hutuama kwenye ukingo wa chini wa gasketi hata gari likiwa limezimwa usiku kucha. EJ25 za mwanzo zilipitisha gesi ya moto ndani kwa ndani hadi kwenye njia ya maji. Zilizofuata ziliwekewa gasketi ya tabaka moja iliyopakwa grafaiti, zikawa zinavuja oili na maji kwa nje. Tiba nayo inajulikana siku nyingi: gasketi ya chuma ya tabaka kadhaa, kama zile za injini za turbo.

Sasa tazama gari unalotaka kununua. Forester nyingi zilizotoka Japani zikashukia Mombasa na Dar es Salaam ni za lita 2.0. SF5, SG5 na SH5 za mwanzo zina EJ20. Kuanzia mwishoni mwa 2010, SH zisizo na turbo zilipewa FB20, injini iliyochorwa upya, yenye silinda nyembamba za milimita 84 na mwendo mrefu wa pistoni wa milimita 90. Hata 2.5 iliyomo kwenye SK ni FB25, mtoto wa ukoo huo mpya. Anayekwambia gasketi ya SK itaungua kwa sababu ya ujazo huo wa 2.5 amesoma namba akaacha herufi.

Je, EJ20 haiunguzi gasketi kabisa? Huunguza, ikichemshwa. Na mchemshaji mara nyingi ni binadamu. Tangi la plastiki la rejeta limepata ufa na mwenye gari anajaza maji ya bomba kila asubuhi badala ya kulitengeneza. Feni moja imekufa na hakuna aliyeiuliza. Mfuniko wa rejeta haushiki presha. Kulanti imebadilishwa bila kutoa hewa, na hewa hiyo imenaswa sehemu ya juu ya injini. Kisha anakuja fundi wa kung'oa themostati "ili injini ipoe". Injini isiyo na themostati hukaa baridi mno safarini. Kompyuta hudhani bado ni alfajiri, huongeza petroli, na petroli ile huteremka hadi kwenye oili. Rejeta iliyoziba inabaki imeziba vilevile, na ukifika kwenye mlima wa kweli gari linachemka kama kawaida, sasa likiwa na oili iliyochujuka.

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha injini imewashwa ikiwa baridi mbele yako, endesha hadi mlimani, rudi, kisha tazama tangi la akiba la kulanti. Mapovu yasiyokoma ni gesi ya silinda, na hapo ondoka. Halafu kumbuka kwamba SJ nyingi hazina mshale wa joto. Zina taa ya buluu injini ikiwa baridi, na nyekundu ikiwa imechemka. Nyekundu ikiwaka, zima gari papo hapo. Wanaojaribu kufika nyumbani kwanza ndio wanaoulisha uvumi huu.

Vipi dawa ya chupa ya kuziba gasketi, inayouzwa barabarani?

Huziba rejeta.

Nina SG5 ya 2005. Mkanda wa taimingi ubadilishwe lini? Muuzaji alisema "bado mpya".

Bila risiti yenye tarehe na kilomita, hesabu kwamba haujabadilishwa tangu kiwandani. Japani wanauondoa kwenye kilomita 100,000, na mpira huzeeka hata gari likikaa tu. Ukikatika, valvu hukutana na pistoni, na bei ya injini unaijua. Badilisha pamoja na tensheni, roli zake na pampu ya maji, kwa sababu pampu hiyo huzungushwa na mkanda huohuo. Anayebadilisha mkanda peke yake ili kuokoa pesa ataifungua injini tena pampu ikikwama. Wenye FB20 mna cheni. Ninyi kazi yenu ni oili safi kwa wakati.

Nimeambiwa oili ya gia boksi ya CVT haibadilishwi maisha yote. (Nakuru.) Fundi alinimwagia oili ya kawaida ya otomatiki, sasa gari linatetemeka likiondoka. (Moshi, na barua mbili za Nairobi.)

Hizi ni hadithi mbili za uzembe mmoja.

Forester za kawaida ziliingia kwenye CVT na kizazi cha SJ. SH na waliomtangulia walitumia otomatiki ya gia nne. Ndani ya CVT ya Subaru kuna mnyororo wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na usipoteleza ni kwa sababu ya msuguano maalumu wa oili yake. Ukiweka oili ya otomatiki ya kawaida, mnyororo huanza kuteleza na kukwangua puli, na hakuna kumwaga upya kutakakorudisha chuma kilicholiwa. Wa Moshi na wa Nairobi, msiendelee kuendesha. Imwagwe leo, iwekwe inayotakiwa, na muombe madhara yawe madogo.

SJ ya turbo ina CVT ya nguvu zaidi yenye oili yake tofauti, kwa hiyo neno "CVT" kwenye chupa halitoshi. Tena gia boksi hizi hazina kijiti cha kupimia. Kiwango hupimwa kwa kufungua boliti ya pembeni, oili ikiwa kwenye joto lililotajwa. Fundi akikwambia anapima kwa macho, chukua ufunguo wako.

Kuhusu "maisha yote", uliza maisha ya nani. Kwa foleni na milima yetu, gereji kwangu hubadilishwa kila kilomita 50,000 au mapema kidogo. Ukinunua SJ isiyo na kumbukumbu, anza na hilo kabla ya vifuniko vya viti.

Nilinunua tairi mbili mpya za mbele, sasa gari linagoma kwenye kona kama limekanyagiwa breki. Fundi amepachika fyuzi ya FWD na tatizo limekwisha. (Kisumu.)

Tatizo halijaisha, limenyamazishwa. Forester husukuma magurudumu yote manne wakati wote. Tairi mpya ni kubwa kuliko iliyolika, kwa hiyo mbele na nyuma huzunguka kwa mwendo tofauti hata kwenye barabara iliyonyooka, na klachi za kati hubeba tofauti hiyo kila mita mpaka ziungue. Subaru wanataka mizunguko ya tairi zote isitofautiane zaidi ya robo inchi. Hiyo ina maana tairi nne za chapa moja, saizi moja, zilizolika sawa, na kuzihamisha mbele na nyuma kwa ratiba.

Fyuzi ile ya SF na SG za otomatiki, inayokata msukumo wa magurudumu ya nyuma, iliwekwa kwa ajili ya safari fupi ya kwenda kuziba pancha ukiwa na tairi ya akiba ndogo. Anayeiacha humo mwaka mzima amelipia magurudumu manne, anatumia mawili.

Turbo au bila turbo? (Barua nyingi mno, nyingi za vijana.)

Ya familia, bila. Turbo za Japani zilipangiwa petroli ya oktani ya juu, ile inayouzwa kwao kama 100, na petroli yetu ya kawaida haifiki hapo. Oili ikicheleweshwa, turbo ndiyo hulipa kwanza. Kama moyo umekataa ushauri, basi hakikisha oili sahihi, mafuta bora unayoweza kupata, na usinunue iliyochezewa kompyuta.

Nawezaje kupata ule mlio wa Subaru kwenye FB20 yangu?

Ule mlio ulitokana na mabomba ya ekzosi ya urefu tofauti, wala haukuongeza hata farasi mmoja. Waache majirani walale.

Gari langu la 2010 lilikuja na airbagi zake zote. Kuna sababu ya kuogopa? (Mombasa.)

Ipo, na nashangaa barua ya namna hii ni moja tu.

Airbagi za kampuni ya Takata zilitumia amonia naitreti kama kilipuzi. Joto na unyevunyevu vikiichosha kwa miaka, kilipuzi hulipuka kwa nguvu kupita kiasi, kopo la chuma hupasuka, na vipande humrukia abiria usoni na shingoni. Watu zaidi ya 20 wamekufa duniani, wengi kwenye sehemu za joto na unyevu kama Florida na Malaysia. Airbagi ya abiria wa mbele ya kizazi cha SH imo kwenye orodha ya zilizoitwa zirudishwe kubadilishwa. Sasa fikiria hali ya hewa ya Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, na magari yaliyotoka Japani kabla mwito huo haujawafikia wenyewe.

Chukua namba ya chasisi, itafute kwenye ukurasa wa Subaru Japani wa magari yanayorudishwa, kisha mwandikie wakala rasmi wa nchi yako kwa maandishi. Fundi asiitoe airbagi kwa bisibisi na kuipima kwa betri. Mpaka ijulikane imebadilishwa, asikae mtu kiti cha mbele kushoto kama anaweza kukaa nyuma.

Yadi moja ina SJ ya 2014 yenye kilomita 61,000. Ni bahati?

Labda. Omba karatasi ya mnada wa Japani na cheti cha ukaguzi cha kabla ya kusafirishwa, ulinganishe kilomita na tarehe. Karatasi ikiwa na alama ya R, gari limewahi kugongwa na kutengenezwa. Kisha angalia pedali ya breki, usukani na kitambaa cha kiti cha dereva. Namba za dashibodi hurudishwa nyuma kwa dakika chache, mpira wa pedali haurudi.

Nilipasuliwa kioo cha mbele cha SK, kikawekwa cha kawaida. Sasa EyeSight imezimika.

Kamera mbili za EyeSight, mfumo wa gari kujifungia breki, hutazama kupitia kioo hicho. Tafuta kioo kinachofaa na mtu mwenye vifaa vya kuzipanga upya. Mpaka hapo, breki ni mguu wako.

Fundi, nina watoto watatu, mume anasafiri, na barabara ya kwetu Murang'a ni matope. Nichukue kizazi gani? (Mama mmoja, pamoja na wasomaji wengine wengi waliouliza hivyo hivyo.)

Mama, SF na SG waachie wapenzi wa gereji. Ni gari fupi, nyuma pana ubanaji, na umri umewafikia. SH ilirefushwa, nafasi ya nyuma ikapatikana, na sasipensheni ya nyuma ikabadilishwa kuwa bora. Ndani ya SH tafuta iliyotengenezwa kati ya mwishoni mwa 2010 na 2012 bila turbo. Ina cheni badala ya mkanda, na gia nne za kawaida badala ya CVT. Kipindi hicho kifupi ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Ugonjwa wake ni kunywa oili. Injini za FB za miaka hiyo zilifikishwa hadi mahakamani Marekani kwa sababu hiyo. Pima oili kila ukijaza tangi, na usisubiri taa. Pia soma jibu la Mombasa hapo juu kabla ya kumkalisha mtoto mbele.

SJ ina nafasi zaidi, imeinuka milimita 220 kutoka chini, na kitufe cha X-Mode kitakusaidia kwenye matope yako. Sharti langu ni moja: historia ya CVT kwenye karatasi. Kenya hairuhusu gari lililopita miaka minane kuingia, na uzalishaji wa SJ kwa soko la Japani ulikoma 2018, kwa hiyo utakayoipata sasa ni ya yadi au ya mkononi. Inayoshuka melini ni SK. Ni nzuri na imara, lakini ile ya haibridi, e-Boxer, ina betri ya ziada chini ya sakafu ya buti. Uliza hali yake kabla ya rangi.

Nenda na fundi asiyemjua muuzaji. Na kama anaanza kwa kukwambia Subaru zote huunguza gasketi, mwache hapohapo yadini.