Swali Ndani ya Swali

Madaftari mengi ya maofisi na mabenki ya siku hizi hayaandikwi kwa kalamu. Huwekwa ndani ya kompyuta, nayo huitwa hifadhidata. Habari zake hupangwa katika majedwali, na atakaye kujua neno huuliza kwa lugha iitwayo SQL. Lugha hiyo ilibuniwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni ya IBM kule Marekani, wakaitangaza mwaka 1974. Maneno yake ya amri ni ya Kiingereza, lakini majina ya majedwali na safu huchaguliwa na mwenye daftari.

Tazama jedwali liitwalo milima. Lina safu mbili, jina na urefu, na mistari minne: Kilimanjaro mita 5895, Kenya 5199, Stanley ulio katika Ruwenzori 5109, na Elgon 4321. Karani ataka kujua ni milima ipi inayozidi wastani wa yote. Akokotoa kwanza kwa mkono: jumla ni 20,524, nayo ikigawanywa kwa 4 yawa 5131. Kisha aandika:

SELECT jina FROM milima WHERE urefu > 5131;

Yaani, chagua jina katika milima, ambapo urefu wazidi 5131. Jibu ni Kilimanjaro na Kenya. Stanley umepungukiwa mita 22.

Siku ya pili karani aongeza mstari wa tano: Karisimbi, mita 4507. Sasa wastani washuka hadi 5006.2, na Stanley wastahili kuingia. Lakini amri ile bado yaishika 5131 ya jana. Yauacha Stanley nje, wala haisemi neno. Kwa milima hasara si kubwa. Lingekuwa jedwali la alama za mtihani, mtoto angenyimwa haki yake kwa hesabu iliyochakaa.

Dawa yake ni kuliweka swali la wastani ndani ya swali kubwa, katika mabano:

SELECT jina FROM milima WHERE urefu > (SELECT AVG(urefu) FROM milima);

AVG maana yake wastani. Kompyuta hulijibu swali la ndani, ndipo hulinganisha kila mlima na jibu hilo. Na kila amri itolewapo, wastani hukokotolewa upya. Alama za =, <>, <, >= na <= hutumika vivyo hivyo.

Liko sharti moja: swali la ndani lilete jibu moja tu. Karani akiuliza ndani urefu wa milima iliyo chini ya mita 5000, atapata 4321 na 4507. Basi, kuzidi upi? Programu ya PostgreSQL hukataa kujibu, na afadhali hivyo, kwa maana SQLite hushika jibu la kwanza na kuendelea kimya. Katika PostgreSQL, atakaye kulinganisha na majibu mengi huandika ALL mbele ya mabano, yaani kuyazidi yote, au ANY, yaani kulizidi lolote mojawapo. Kwa ANY Karisimbi waingia, kwa ALL haumo.

Na swali la ndani lisipoleta kitu? Karani akitafuta ndani urefu wa "Elgoni", akikosea herufi moja tu, jibu ni tupu. Hakuna mlima uwezao kulinganishwa na utupu, hivyo hapati hata jina moja, wala haonywi.

Zoezi: MAX maana yake kubwa kuliko zote. Andika amri itakayotoa jina la mlima mrefu kupita yote, bila kutaja tarakimu yoyote.