Sabuni Inayochelewa



Huko Fukayosi, wilaya ya Bagamoyo, mwenyeji wangu alinyunyizia minanasi yake dawa. Matone yakateleza kama maji juu ya jani la myugwa. "Na sabuni nimetia!" akasema.

Sabuni ilikuwamo, ila ilichelewa. Uso wa maji huvutana kama ngozi: kwenye joto la digrii 25, mvutano wake ni milinyutoni 72 kwa mita. Sabuni huulegeza ikifika juu. Lakini tone hugonga jani na kuruka kabla sabuni haijafika. Kwa hiyo kupima maji yaliyotulia bakulini hudanganya.

Mwaka 1879 Lord Rayleigh wa Uingereza alipitisha maji katika tundu lenye umbo la yai. Mchirizi ukafanya mawimbi kama mnyororo, na urefu wa wimbi ukatoa mvutano wa ngozi changa. Wataalamu pia hupuliza viputo majini kwa mrija mwembamba, wakipima msukumo mkubwa kabisa wa hewa. Kiputo cha haraka kina ngozi changa. Cha polepole, kuukuu.

Sisi wa mikarafuu, ambayo majani yake nayo hung'aa, tujaribu sabuni mbili kwa bomba lile lile, jani kwa jani, tukitazama papo hapo. Kuzidisha sabuni huharakisha kazi, lakini kukipita kiasi majani huungua.